Rufaa za kugombea watoto Mtwara na Lindi: zinafia kwenye hoja au kwenye siku?

#1 Ndonde
Wakuu, salaam. Naweka hoja ijadiliwe na wanaojua kazi hii. Nasema rufaa za kugombea watoto kanda yetu hazifi kwa sababu mzazi hana hoja. Zinafia mlangoni: siku zimepita, zimefunguliwa mahakama isiyo yake, au mtu amepinga amri isiyomuumiza na kuiacha ile inayomuumiza. Jaji hafiki hata kwenye swali lenyewe la mtoto akae na nani.

La pili, watu wanasema "mahakama imenifutia haki ya uzazi" wakati hukumu mkononi ni ya talaka tu na watoto wamepewa mwenzake. Haki imefutwa kweli hapo? Tuseme hukumu ni ya Mahakama ya Mwanzo, Tandahimba au Ruangwa. Njia ya rufaa ni ipi, siku ngapi, na kinachoharibika njiani ni nini?

#2 Shangani_B
Uzi wa maana. Nafuatilia.

#3 MasijalaLigula
Nianze na njia, maana hapo ndipo wengi hupotea.

Shauri likianzia Mahakama ya Mwanzo, rufaa ya kwanza inakwenda Mahakama ya Wilaya. Unaandika petisheni ya rufaa yenye sababu zilizopangwa kwa namba, unaifungua Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Hiyo ni Sheria ya Mahakama za Mahakimu, kifungu cha 20. Usipotosheka tena unakwenda Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara, ambayo ndiyo inahudumia mikoa yote miwili, pia ndani ya siku 30. Angalia hapa sasa: kifungu cha 25 kinasema petisheni ya kwenda Mahakama Kuu inafunguliwa kwenye ile Mahakama ya Wilaya iliyotoa uamuzi. Wao ndio wanaituma juu pamoja na kumbukumbu za shauri. Mtu anatoka Liwale na karatasi zake hadi Mtwara mjini kumbe alitakiwa aziache Liwale. Akirudishwa, siku ya 30 imeshapita.

Shauri likianzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, na ni la ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 80 kinatoa siku 45 kwenda Mahakama Kuu, na hati ya rufaa inafunguliwa vilevile kwenye mahakama ya chini iliyotoa hukumu.

#4 Wakili wa Mikindani
Mkuu #3 umeeleza vizuri ila umeruka ubishi mmoja. Kifungu hicho cha 80 kinaitaja na Mahakama ya Mwanzo. Wapo wanaosema kesi ya ndoa haifuati siku 30 za Sheria ya Mahakama za Mahakimu, inafuata 45 za Sheria ya Ndoa, kwa kuwa sheria mahsusi inaishinda ya jumla.

#5 MasijalaLigula
#4, siku 45 zimewekwa kwa rufaa ya kwenda Mahakama Kuu. Kutoka Mwanzo kwenda Wilaya, kifungu cha 20 kinajitosheleza.

#6 Wakili wa Mikindani
Ubishi huo tuuache kwa wenye muda. Mwenye mtoto mikononi afungue ndani ya 30. Hakuna aliyewahi kufukuzwa kwa kuwahi.

#7 Bi Nachingwea
Asanteni. Siku zinahesabiwa tangu hukumu isomwe au tangu upewe nakala? Maana karani akikwambia "njoo wiki ijayo" mara mbili, mwezi umekatika.

#8 MasijalaLigula
Dada #7, umegusa mahali penyewe. Tangu hukumu itolewe. Siku yenyewe ya hukumu haihesabiwi, na siku ya mwisho ikiangukia mahakama imefungwa unafungua siku ya kazi inayofuata.

Kwa shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo, sheria haikulazimishi kuambatanisha nakala ya hukumu kwenye petisheni. Kwa hiyo "nilikuwa nasubiri nakala" si kinga. Ulikuwepo hukumu ikisomwa, unajua watoto wamekwenda wapi na kwa sababu zipi: andika sababu zako ufungue. Kumbukumbu mahakama yenyewe itaziita.

Kwa mashauri yanayofuata Sheria ya Mwenendo wa Madai mambo ni tofauti: huko unaambatanisha hukumu na tuzo (hati ya amri inayotokana na hukumu), na muda uliotumika kuziandaa unaweza kutolewa kwenye hesabu. Basi omba nakala kwa barua, siku ileile au kesho yake, na ubaki na kopi yenye mhuri wa kupokelewa. Maombi ya mdomo kwa karani hayaachi ushahidi wowote.

Siku hizi kufungua ni kwa mfumo wa kielektroniki. Ukipata namba ya malipo lipa siku hiyohiyo. Kumekuwa na mabishano kama rufaa imefunguliwa siku ilipopandishwa kwenye mfumo au siku ada ilipolipwa, na mabishano hayo hayafai yakukute siku ya 30.

#9 Kitangari_Juu
Nimjibu mleta uzi swali lake la pili, kwa sababu ndilo linalopotosha sababu za rufaa.

Sheria zetu hazina amri ya pekee inayoitwa kufuta haki za mzazi, inayotolewa peke yake kama Marekani. Kuna amri tatu ambazo watu huzichanganya.

Ya kwanza ni hifadhi: mtoto anaishi na nani. Asiyepewa bado ni mzazi. Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 26 inampa mtoto haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine. Kama hukumu imekaa kimya kuhusu kumuona mtoto, hiyo peke yake ni sababu nzuri ya rufaa, au ya kurudi kuomba amri ya kumtembelea.

Ya pili ni amri ya matunzo na ulinzi, pale mtoto anapoumizwa au yuko kwenye hatari ya kuumizwa vibaya. Hii inahamisha haki za mzazi kwenda kwa afisa ustawi wa jamii, lakini kwa muda. Ukomo wake ni miaka 3 au mtoto kufikisha 18, kinachotangulia, na inaweza kubadilishwa kabla ya hapo.

Ya tatu ni kuasili. Hiyo ndiyo inayokata kamba kabisa: haki na wajibu wa mzazi wa kuzaa vinakoma, vinahamia kwa aliyeasili. Ridhaa ya mzazi inatakiwa, ila mahakama inaweza kuiruka ikiridhika kwamba amemtelekeza mtoto au amemtesa mfululizo, hapatikani, hana uwezo wa kuitoa, au anaikataa bila sababu ya maana. Maombi ya kuasili kwa kawaida yanasikilizwa Mahakama Kuu, hivyo anayepinga anakwenda Mahakama ya Rufani.

Mtu mwenye amri ya kwanza akiandika kwenye petisheni "nimefutiwa haki zangu za uzazi", anampa mpinzani ushindi wa bure. Atajibiwa kwamba hazikufutwa, na hoja yake halisi itabaki haijasemwa.

#10 Msafiri wa Kilwa
#9 umetaja Marekani. Huko amri ya kufuta uzazi ikitolewa ni ya moja kwa moja, na ndiyo maana Mahakama yao ya Juu ilisema kwenye Santosky dhidi ya Kramer, 1981, kwamba ushahidi lazima uwe mzito kuliko wa kesi ya kawaida ya madai. Tena kila mzazi anapewa wakili.

#11 Wakili wa Mikindani
#10, Santosky ni 1982. Ya 1981 ni Lassiter, na hiyo ilisema kinyume cha sentensi yako ya mwisho: Katiba yao hailazimishi wakili kwa kila mzazi, inategemea shauri lenyewe, ingawa majimbo mengi yametunga sheria zao za kutoa wakili.

Inayotufaa sisi zaidi ni ya 1996, M.L.B. dhidi ya S.L.J., kutoka Mississippi. Mama alinyang'anywa uzazi, akataka rufaa, akaambiwa alipe dola 2,352.36 za kuandaa kumbukumbu za shauri. Hakuwa nazo, rufaa ikafutwa. Mahakama ya Juu ikasema jimbo haliwezi kumfungia mlango wa rufaa ya namna hiyo kwa sababu ya umaskini. Hata kule, basi, mlango ulifungwa na karatasi, haukufungwa na hoja.

#12 Ndonde
#11 umenipa nguvu. Hilo ndilo ninalosema tangu #1.

#13 Mjomba wa Newala
Taratibu, Ndonde, usijitangazie ushindi mapema. Siku zina nafasi yake, lakini mimi naona tatizo liko kwenye mila iliyosomwa vibaya.

Sheria ya Ndoa kifungu cha 125 inasema ustawi wa mtoto ndio wa kwanza, kisha mahakama itazame matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenye umri wa kusema lake, na mila za jamii yao. Sasa mila zipi? Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ana kauli nzito. Tangazo la sheria za mila la 1963, GN 279 (yaani Tangazo la Serikali namba 279), liliandikwa kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba. Mtu analeta hoja ya "watoto ni wa baba" kwenye shauri la watu wa Kitangari na hakuna anayesimama kuuliza mila hiyo imetoka wapi. Mzazi halileti kwenye ushahidi, na kwenye rufaa amechelewa, kwa sababu mila inathibitishwa kwa shahidi.

#14 Shangani_B
Mjomba lazima atetee cheo chake 😀

#15 Kitangari_Juu
Mjomba #13, mpangilio wa kifungu umeutaja mwenyewe: ustawi kwanza. Mila ya mama au ya baba, zote ziko chini yake. Na ukanda wa pwani, Kilwa hadi Mikindani, wengi hawaleti mila, wanaleta hadhana, yaani haki ya malezi kwa sheria ya Kiislamu: mama kwa mtoto mdogo, na kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi akifikia umri wa kupambanua, miaka 7 hivi, anachagua. Inakaribiana na kifungu chenyewe, ambacho kinachukulia kwamba mtoto chini ya miaka 7 ni vyema awe na mama.

Watu husoma hadi hapo wanafunga kitabu. Dhana hiyo inaweza kupingwa, na sheria inaendelea kusema mahakama izingatie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Kwa hiyo mtoto wa miaka 5 aliyekaa na bibi mzaa baba tangu ana mwaka mmoja, mama hashindi kwa umri peke yake. Aeleze kwenye ushahidi ilikuwaje mtoto akakaa huko, na mpango wake wa kumhamisha polepole ni upi.

#16 DawatiUstawi
Niongezee hapo, kwa sababu mnabishana siku na mila wakati majaji wanasoma ripoti.

Hakimu anaweza kuagiza afisa ustawi wa jamii wa halmashauri afanye uchunguzi wa kijamii. Ripoti nzuri ina haya: nyumba zote mbili zimetembelewa, nani analala na mtoto, umbali wa shule, nani anamwangalia mzazi akiwa shamba, afya yake, mahudhurio darasani, na maneno ya mtoto yaliyochukuliwa mzazi akiwa hayupo. Mbovu ni ile ya ukurasa mmoja iliyotembelea nyumba ya upande mmoja.

Makosa mawili yanayorudi. Kwanza, ripoti inasomwa, hakimu anauliza "mna la kusema?", mzazi anasema "sina". Kwenye rufaa ndiyo anaanza kuishambulia. Pinga palepale: omba afisa aitwe aulizwe, taja nyumba ambayo haikutembelewa, na sema uandikwe.

Pili, maoni ya mtoto. Sheria ya Mtoto kifungu cha 39 inataka yazingatiwe kama ameyatoa kwa uhuru. Hakimu anaongea na mtoto faragha, kisha haandiki kitu kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu za kesi. Mahakama ya rufaa inakuta mtoto wa miaka 12 ambaye hakuna mahali popote aliposikika. Hiyo ni sababu ya rufaa yenye meno, na Mahakama ya Wilaya inaweza kuchukua ushahidi wa ziada yenyewe au kuagiza Mahakama ya Mwanzo iuchukue. Iombe, usingoje ifikirie.

Kifungu hichohicho kinataka ndugu wasitenganishwe ikiwezekana, kumbe Sheria ya Ndoa inasema mahakama hailazimiki kuwaweka watoto wote kwa mtu mmoja. Hukumu ikiwagawa bila kutoa sababu, taja vyote viwili.

#17 Bi Nachingwea
#16 ahsante sana. Na wasio na ndoa?

#18 DawatiUstawi
Mtoto wa nje ya ndoa shauri lake la hifadhi au matunzo linakwenda Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya 2009, kwa kanuni za GN 182 ya 2016, faragha. Rufaa yake inakwenda Mahakama Kuu.

#19 Wakili wa Mikindani
Na siku zake #18? Hapo nako watu hujipa 90. Ratiba ya Sheria ya Ukomo inatoa 90 kwa rufaa za chini ya Sheria ya Mwenendo wa Madai pale ambapo hazikupangiwa muda, na 45 kwa rufaa nyingine. Chukua 45 ndiyo mwisho wako.

#20 Nangurukuru
Mimi naleta maelezo mengine. Tuseme umefungua ndani ya muda, mahakama ni yake, ripoti umeipinga. Bado utashindwa, na sababu ni kwamba kufungua rufaa hakusimamishi ukaziaji wa hukumu, yaani utekelezaji wake. Aliyeshinda anakazia, mtoto anahama, anaanza shule mpya. Rufaa inasikilizwa, labda inakwenda ya pili. Jaji anakuta mtoto ametulia, na sheria imeshamwambia asimvuruge. Rufaa imekufa kwa kuchelewa, ijapokuwa mrufani hakuchelewa.

Kwa hiyo siku ya kufungua rufaa, fungua na maombi ya kusitisha ukaziaji, na kiapo kinachoeleza madhara kwa mtoto: muhula uko katikati, dawa anazotumia kliniki fulani, mtihani wa darasa la saba. Kiapo cha "nitaumia moyoni" hakisaidii. Ukifika Mahakama ya Rufani ni siku 14 tangu upate taarifa ya ukaziaji, kwa Kanuni ya 11. Kama umekataliwa usitishaji, omba angalau amri ya kumuona mtoto kwa ratiba wakati rufaa inaendelea, usije ukaonekana mgeni kwake.

#21 Kitangari_Juu
#20 umesema kweli, na ndiyo maana wakati mwingine rufaa si dawa yenyewe. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ndoa kinaruhusu kurudi kwenye mahakama wakati wowote kuomba amri ya hifadhi ibadilishwe, kama ilijengwa juu ya maelezo ya uongo au kosa la ukweli, au hali imebadilika kwa kiasi kikubwa. Baba aliyepewa watoto kahamia machimboni, watoto wameachwa na jirani: hilo halikuwepo siku ya hukumu, utaliingizaje kwenye rufaa? Rufaa inauliza kama hakimu alikosea kwa alichokuwa nacho mezani siku ile. Maombi ya mabadiliko yanauliza mtoto yuko vipi leo. Na hayana siku 30.

#22 Ndonde
Lakini #21, ukimwambia mtu "utarudi tu wakati wowote" anaacha siku zipite, halafu akirudi anaambiwa hakuna kilichobadilika, na kwamba anakata rufaa kinyemela. Nasimama palepale: siku kwanza.

#23 Kitangari_Juu
Mwenye hukumu mbovu akate rufaa. Mwenye hukumu iliyokuwa sawa ikaharibiwa na maisha arudi kwa maombi. Ni magonjwa mawili.

#24 Nahyanga
Mmesahau baraza. Kesi ya talaka lazima ipite Baraza la Usuluhishi wa Ndoa na iletwe hati ya kushindwa kusuluhisha, kifungu cha 101, isipokuwa kwa zile hali zilizosamehewa. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikiketi hapahapa Mtwara ilifuta mwenendo mzima wa shauri la talaka kwa kasoro ya hati hiyo. Talaka ikifutwa, amri ya watoto iliyokaa juu yake inaanguka nayo. Mzazi alikuwa anabishania mtoto, kumbe kinachomwondoa ni barua ya baraza la kata isiyosema kwamba usuluhishi umeshindikana.

Kagueni barua: majina ya wote wawili, tarehe ambazo wote waliitwa, na kauli ya wazi kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Ikisema tu "tunawaletea wahusika kwa hatua zaidi", irudisheni baraza kabla ya kufungua.

#25 Mama Korosho
Jamani na matunzo je? Amri ya kila mwezi kwa mkulima wa korosho inamfanya mdaiwa kuanzia Machi. Fedha iko msimu wa minada, Oktoba kwenda mbele. Ombeni mahakama igawanye: kiasi kidogo cha kila mwezi, na kiasi kikubwa baada ya mauzo, ada na sare zikiwa ndani. Ushahidi ni stakabadhi za chama cha msingi na taarifa ya benki malipo yalipoingia, ya misimu miwili au mitatu, kwa sababu msimu mmoja unaweza kuwa mbaya au mzuri kupita kawaida. Mtu akikata rufaa ya kiwango cha matunzo bila karatasi hizo, mahakama ya juu haina cha kushika.

#26 Mjomba wa Newala
Hapo Mama Korosho hana mpinzani. Swali langu: anayevuka Ruvuma na mtoto wakati rufaa inasubiri?

#27 Wakili wa Mikindani
#26, Sheria ya Ndoa kifungu cha 136 inaipa mahakama uwezo wa kuzuia mtoto asitolewe nchini. Omba zuio mapema, na ukilipata peleka nakala Uhamiaji Mtambaswala na Kilambo, pamoja na picha ya mtoto. Amri iliyobaki kwenye jalada haimzuii mtu darajani. Akishavuka unahangaika na mamlaka za nchi nyingine.

#28 Bi Nachingwea
Na aliyechelewa tayari, amekwisha?

#29 MasijalaLigula
#28, hajakwisha. Anaomba kuongezewa muda kwanza, kwenye mahakama ile anayotaka rufaa isikilizwe, kwa kiapo. Kiapo kieleze kila siku iliyochelewa: tarehe hii hadi hii nilikuwa hospitali, kielelezo kipo, hii hadi hii nilikuwa nafuatilia msaada wa kisheria, barua hii hapa. Pengo la wiki mbili lisiloelezwa linaweza kuangusha kiapo chote. Kama hukumu ina kasoro ya kisheria inayoonekana usoni, kwa mfano mahakama haikuwa na mamlaka, itajeni kwa aya yake, maana nayo ni sababu. "Sikujua sheria" haikubaliki. Msaidizi wa kisheria anaweza kukuelekeza, lakini hawezi kusimama mahakamani badala yako.

#30 Nangurukuru
Na kwa anayepanda hadi Mahakama ya Rufani kutoka Mahakama ya Mwanzo: notisi ya rufaa siku 30, na bado lazima Mahakama Kuu ithibitishe kwa cheti kwamba kuna hoja ya kisheria. Marekebisho ya 2023 yaliondoa kibali cha kukata rufaa, hayakuondoa cheti hicho.

#31 Ndonde
#30, unaona? Siku tena.

#32 Nangurukuru
Na mtoto amekaa huko miaka mitatu tayari. Rudi #20.